Kukagua michango kwenye kamusi elezo changa: mwongozo kutoka Wikipedia ya Kiswahili

Kwenye Wikipedia ya Kiingereza mabadiliko huingia kwa kasi ambayo jicho la binadamu haliwezi kuifuata, na ndiyo maana sehemu kubwa ya ulinzi wake imeachiwa roboti na vichujio. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanzishwa tarehe 8 Machi 2003, bado iko katika hali nyingine kabisa. Siku ya kawaida mtu mmoja mwenye subira, mtandao wa wastani na kikombe cha chai anaweza kuipitia orodha ya mabadiliko yaliyoingia tangu jana yake, mstari kwa mstari. Hiyo ni neema, lakini ina upande wake wa pili: kwa kuwa wakaguzi ni wachache, kosa lililopita bila kuonwa siku ya kwanza linaweza kukaa miaka, likanakiliwa na magazeti, likarudi kwetu likiwa limevaa sura ya ushahidi.

Mwongozo huu ni kwa yule anayetaka kuanza kazi hiyo. Wengi hudhani kwamba lazima mtu awe mkabidhi, yaani mmoja wa wale waliopewa na jumuiya uwezo wa kufuta kurasa na kuzuia watumiaji. Si hivyo. Kusoma, kutengua, kusahihisha na kumwandikia mchangiaji ni mambo ambayo kila mwenye akaunti anaweza kuyafanya, nayo ndiyo karibu kazi yote. Ufunguo wa mkabidhi hutumika mara chache, na afadhali iwe hivyo.

Anza kwa kufungua ukurasa wa Mabadiliko ya karibuni. Kila mstari unakupa jina la makala, saa, jina la aliyehariri, muhtasari wake kama ameuandika, na tarakimu ndani ya mabano inayoonyesha ni baiti ngapi (kipimo cha ukubwa wa maandishi) zimeongezeka au kupungua, kijani kwa ongezeko na nyekundu kwa upungufu. Mkaguzi mgeni hukimbilia tarakimu kubwa nyekundu, kwa sababu mtu aliyefuta nusu ya makala huonekana mara moja. Hakuna ubaya kuanza hapo, ila usiishie hapo. Tusi lililoandikwa kwa herufi kubwa katikati ya makala kuhusu Dodoma halimdanganyi msomaji yeyote. Linaudhi tu, na mtu wa kwanza kulipita atalifuta. Mstari unaostahili kukutia wasiwasi ni ule wenye sifuri.

Sababu ni hii. Mtu akibadilisha urefu wa Mlima Kilimanjaro kutoka mita 5,895 kuwa 5,985, amehamisha tarakimu mbili tu, na mfumo utaonyesha kwamba ukubwa wa makala haukubadilika hata kwa baiti moja. Sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Ile ya Kenya ya mwaka 2019 ilihesabu 47,564,296. Tarakimu ndefu namna hii ni rahisi kuchezewa, na hakuna msomaji anayezijua kwa kichwa. Kwa hiyo, kila unapoona badiliko dogo lisilo na muhtasari kwenye makala yenye takwimu, bofya "tofauti", ulinganishe pande mbili za ukurasa, kisha ufungue chanzo chenyewe kilichotajwa. Kama hakuna chanzo, kitafute. Ukikipata, kiongeze hapo hapo, kwa maana takwimu yenye rejeo ni rahisi kuitetea mara nyingine. Wakati mwingine utakuta kwamba aliyebadilisha ndiye aliye sahihi na makala ndiyo iliyokuwa imekosea tangu miaka kumi iliyopita. Hilo hutokea zaidi ya tunavyopenda kukiri.

Ukiamua kwamba badiliko halifai, una njia mbili za kuliondoa. "Rejesha" huondoa kwa mkupuo mmoja mabadiliko yote mfululizo ya mtumiaji wa mwisho bila kukuuliza sababu, nayo si kila mtumiaji amepewa. "Tengua" hukufungulia kisanduku cha muhtasari kabla ya kuhifadhi. Itumie ya kwanza kwa uharibifu ulio wazi tu, wa matusi na herufi zilizobonyezwa ovyo. Kwa mengine yote tumia ya pili, na uandike sababu kwa sentensi kamili: "Nimerudisha takwimu ya sensa ya 2022, tafadhali taja chanzo cha takwimu mpya." Mtu aliyefutiwa kazi yake bila neno huondoka akiamini kwamba Wikipedia ina wenyewe.

Habari za vifo zina kanuni yake. Mwezi Machi 2021, uvumi kuhusu afya ya Rais John Magufuli ulizagaa kwa siku kadhaa kabla ya Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Makamu wa Rais, kutangaza kifo chake usiku wa tarehe 17. Katika siku za namna hiyo wapo watu wanaoharakisha kujaza mwaka wa kifo kwenye makala ya mhusika, wengine kwa mzaha, wengine kwa nia njema. Mkaguzi hana haja ya kujua kama uvumi ni wa kweli au wa uongo. Anachotakiwa kujua ni kwamba kamusi elezo haishindani na redio, na kwamba tarehe ya kifo haiandikwi mpaka kuwe na tangazo la familia, la serikali au la chombo cha habari kinachowajibika kwa jina lake. Ondoa, eleza, weka makala kwenye maangalizi yako, yaani orodha ya kurasa unazozifuatilia, na rudi kila baada ya saa chache. Ikiwa mabadiliko yanarudiwa na watu wengi, mwombe mkabidhi ailinde kwa siku mbili tatu dhidi ya wasio na akaunti.

Jambo hilo ni sehemu ya jambo kubwa zaidi, yaani heshima ya watu walio hai. Mwaka 2005, kwenye Wikipedia ya Kiingereza, mtu asiyejulikana aliandika kwamba mwandishi wa habari wa Marekani, John Seigenthaler, aliwahi kushukiwa kuhusika na mauaji ya John na Robert Kennedy. Yalikuwa maneno ya kubuni, na yalikaa zaidi ya miezi minne kabla ya kugunduliwa. Ikiwa yaliweza kukaa muda huo kwenye toleo lenye wakaguzi wengi kuliko yote, fikiria yatakaa muda gani kwenye makala fupi ya mbunge wa jimbo la mbali ambayo husomwa mara tatu kwa mwezi, na wanaoisoma ni wapiga kura wake. Kwa hiyo tuhuma yoyote kuhusu mtu aliye hai, iwe ya wizi, ya uzinzi, ya uchawi au ya maradhi, ikiwa haina chanzo imara huondolewa kwanza, na majadiliano hufuata.

Namba za simu, anwani za makazi na picha za vitambulisho zinahitaji uangalifu zaidi kidogo, kwa sababu kutengua hakutoshi: toleo lenye namba hiyo linabaki kwenye historia ya ukurasa na kila mtu anaweza kulifungua. Mwombe mkabidhi alifiche toleo hilo. Mwandikie faragha, wala usitaje kwenye muhtasari wako ni nini hasa umekiondoa, maana utakuwa umewaonyesha wengine mahali pa kutafuta. Kenya ina sheria ya kulinda data binafsi tangu mwaka 2019, na Tanzania ilitunga yake mwaka 2022, lakini hata bila sheria hizo adabu ya kawaida ingetosha.

Maandishi yanayoonekana mazuri

Sasa nafika kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo linalokula muda wa mkaguzi wa Kiswahili kuliko uharibifu wote wa makusudi. Ni makala ndefu, yenye vichwa vidogo, yenye rejeo ishirini na picha mbili, iliyotoka kwenye mashine ya kutafsiri na kubandikwa bila kusomwa. Kwenye orodha inaonekana kama zawadi: tarakimu kubwa ya kijani, jina jipya, muhtasari usemao "nimeongeza makala". Kipofu wa lugha ataipongeza.

Ifungue na uisome kwa sauti. Kuna mto wenye "benki" mbili badala ya kingo. Vita ilianza "katika chemchemi ya mwaka 1944", kana kwamba majeshi yalikutana kisimani. Nchi ya Uturuki imegeuka bata mzinga. Haya ni rahisi kuyaona, na mashine za siku hizi hazikosei namna hiyo mara kwa mara kama zamani. Makosa ya hatari zaidi ni yale ambayo sentensi imenyooka kisarufi na bado inasema uongo.

Chukua saa. Tukio lililotokea saa mbili usiku kwa hesabu yetu huandikwa na mashine "saa 8 jioni", na msomaji wa Tanga hataelewa kama ni saa nane mchana au nini. Kila ukiona saa kwenye makala iliyotafsiriwa, rudi kwenye chanzo na uihesabu upya. Chukua ukoo. Lugha nyingi za Ulaya zina neno moja kwa ndugu wa baba na ndugu wa mama, na mashine huweka "mjomba" pote. Kwenye makala za masultani wa Zanzibar kosa hilo linavuruga historia nzima. Majid, Barghash, Khalifa na Ali, waliotawala kwa kufuatana tangu 1856 hadi 1893, wote walikuwa wana wa Said bin Sultan. Aliyefuata, Hamad bin Thuwaini, alikuwa mtoto wa ndugu yao. Ali bin Said kwa hiyo alikuwa ami yake Hamad. Ukimwita mjomba umeuhamishia urithi wa kiti upande wa mama, na mwanafunzi atakayesoma hivyo atajenga hoja juu ya kitu ambacho hakikuwapo.

Chukua pia upatanisho wa kisarufi. Mwandishi wa Kiswahili anaweza kuchapa haraka na kukosea herufi, lakini si rahisi aandike "mji imejengwa" katika aya moja, "mji kimejengwa" katika ya pili na "mji limejengwa" katika ya tatu. Ngeli zikiyumba hivyo ndani ya makala moja, mara nyingi hakuna mtu aliyeisoma kabla yako. Dalili nyingine ni jina la mahali linalobadilika njiani, au sentensi zinazoanza na "Yeye" mara kumi mfululizo, ilhali kwa Kiswahili kiambishi cha kitenzi kimekwisha kutuambia nani anatajwa.

Kwa nini nalikazia hivi? Kwa sababu mifano ipo. Mwezi Agosti 2020 iligundulika kwamba maelfu kwa maelfu ya makala kwenye Wikipedia ya Kiskoti yalikuwa yameandikwa na kijana mmoja wa Marekani ambaye hakuijua lugha hiyo. Aliandika Kiingereza na kubadilisha maneno kwa msaada wa kamusi. Hakuwa na nia mbaya, na kwa miaka mingi hakuna aliyemsimamisha. Mwaka 2025 iliamuliwa kwamba Wikipedia ya Kigrinlandi ifungwe, baada ya msimamizi wake mwenyewe kueleza kwamba sehemu kubwa ya makala iliandikwa na watu wasioijua lugha, wengi wakitegemea mashine. Kiswahili kina wasemaji wengi mno kufikia hapo, lakini wingi wa wasemaji hausaidii ikiwa hakuna anayefungua ukurasa na kusoma. Na kuna tatizo jingine linalojizungusha: mashine zenyewe hujifunza Kiswahili kutoka Wikipedia, kwa hiyo makosa tunayoyaacha leo ndiyo zitakayofundishwa kesho.

Ukipata makala ya namna hii, usiifute papo hapo. Soma utangulizi na aya mbili za kati, kisha jiulize kama unaweza kuinyoosha kwa nusu saa. Ikiwa unaweza, inyooshe. Hakuna somo zuri kwa mchangiaji kuliko kulinganisha aya yake na aya iliyosahihishwa. Ikiwa mwili wote umeoza lakini utangulizi unasomeka, bakiza utangulizi pamoja na rejeo zake, ondoa mengine, na uiwekee alama ya mbegu, yaani makala fupi inayosubiri kukuzwa. Makala ya sentensi nne za kweli ni bora kuliko sentensi mia za kubahatisha. Ikiwa hata utangulizi haueleweki, weka kigezo (tangazo lililoandaliwa tayari) cha kuomba ifutwe, ueleze sababu, na umjulishe aliyeiandika kabla ya mkabidhi kufika. Kisha tazama orodha ya michango yake: aliyebandika moja huwa amebandika kumi.

Mafuriko ya makala hizi huwa na majira. Hufika wakati wa mashindano yenye zawadi, au baada ya semina ambamo washiriki wamepewa lengo la idadi. Mwishoni mwa 2009 Google iliendesha shindano la kuandika makala za Wikipedia ya Kiswahili kwa wanafunzi wa vyuo, na kila shindano lililofuata limetuletea mambo mawili kwa pamoja: waandishi wachache waliobaki, na rundo la kurasa za kusafisha. Ukisikia shindano linakuja, wasiliana na waandaaji mapema. Waombe wahesabu ubora badala ya wingi, na wakupe orodha ya washiriki ili ujue nani wa kuzungumza naye.

Hata hivyo, angalia usije ukageuka polisi wa lahaja. Mwandishi wa Nairobi ataandika tarakilishi, runinga, rununu na kaunti. Wa Dar es Salaam ataandika kompyuta, televisheni, simu ya mkononi na mkoa. Vyote ni Kiswahili. Kubadilisha "tarakilishi" kuwa "kompyuta" kwenye makala nzima ni kupoteza muda wako na kumfukuza mwenzako, na atakapolipiza kwenye makala yako utakuwa umejitakia. Kanuni ya amani ni kwamba makala inayohusu Kenya huachwa na msamiati wa Kenya, inayohusu Tanzania na wa Tanzania, na nyingine zote hubaki na msamiati wa aliyeanza kuandika. Neno ambalo huenda lisieleweke upande wa pili huongezewa kisawe mara moja, mwanzoni. Mwandishi kutoka Lubumbashi au Bujumbura ambaye sentensi zake zina harufu ya nyumbani kwake asahihishwe sarufi kwa upole, wala asiambiwe kwamba hajui Kiswahili.

Kunakili na kujitangaza

Maandishi ya Wikipedia hutolewa kwa leseni huria, inayomruhusu kila mtu kuyatumia tena na ambayo tangu mwaka 2023 ni CC BY-SA 4.0, na kwa hiyo hakuna ruhusa ya kubandika habari ya gazeti, ukurasa wa wizara au sura ya kitabu, hata kama chanzo kimetajwa. Namna ya kugundua ni nyepesi: chukua sentensi moja isiyo ya kawaida, iweke ndani ya alama za kunukuu kwenye injini ya kutafuta, na utazame kinachorudi. Ukihakikisha, ondoa maandishi hayo yote, si baadhi. Kwa Tanzania na Kenya haki ya mtunzi hudumu kwa maisha yake na miaka 50 baada ya kifo, hivyo kazi ya aliyefariki mwaka 1970 ilikuwa huru kuanzia 2021. Aliyefariki mwaka 1990 bado analindwa.

Wanaojitangaza ni watu wa aina nyingi: msanii chipukizi, mhubiri, mtia nia wa ubunge, mfanyabiashara anayetaka kuonekana kwenye utafutaji. Mara nyingi jina la akaunti ndilo jina la makala. Swali la kuuliza si kama mtu huyu ni mzuri au ana wafuasi wengi, bali ni nani mwingine, asiyelipwa naye, ameandika habari zake kwa kina. Ikiwa jibu ni hakuna, makala hufutwa kwa kukosa umaarufu, na aliyeandika huelezwa hivyo bila kejeli. Anayeandika kwa malipo analazimika kusema nani anamlipa; ndivyo masharti ya Wikimedia, taasisi inayoendesha Wikipedia, yanavyotaka tangu mwaka 2014.

Kumwandikia mgeni

Hii ndiyo sehemu ya kazi ambayo hakuna chombo kinachoweza kuifanya badala yako. Mtu aliyeandika makala yake ya kwanza usiku wa manane kwa simu, akitumia kifurushi alichokinunua mwenyewe, akikuta asubuhi imefutwa na kigezo chekundu chenye maneno ya sheria, hatarudi. Na kwenye mradi wenye waandishi wachache namna hii, mgeni mmoja aliyebaki ana thamani kuliko kurasa mia zilizosafishwa. Mimi mwenyewe nilipoanza nilikuwa na mkono mwepesi wa kufuta, na nikapongezwa kwa hilo. Baadaye nilizipitia akaunti za watu niliowafutia kazi, nikakuta karibu hakuna aliyeandika tena.

Nenda kwenye ukurasa wake wa majadiliano. Anza na salamu, kwa maana kwetu mtu hajibiwi kabla hajasalimiwa, kisha taja jambo moja alilolifanya vizuri, halafu taja tatizo moja tu, lile kubwa, na mwonyeshe la kufanya. Kwa mfano: "Habari za leo, ndugu, na karibu sana. Nimesoma makala yako kuhusu soko la samaki, na nimefurahi kwamba mtu wa huko ameiandika. Aya ya pili na ya tatu inaonekana zimetoka kwenye tovuti ya gazeti. Haki ya maandishi hayo ni ya gazeti, hivyo nimeziondoa kwa sasa. Ukiyaeleza mambo hayo kwa maneno yako na kutaja gazeti kama chanzo, zitakaa. Ukikwama niandikie hapa hapa." Usimwite kijana wala mwanangu, hata kama unahisi ni mwanafunzi, anaweza kuwa mwalimu mstaafu. Ndugu inamtosha kila mtu. Subiri siku mbili. Asipojibu, sahihisha unachoweza na uendelee.

Ugomvi, na sisi wenyewe

Makala zinazoleta ugomvi zinajulikana: asili ya makabila na koo, mipaka, dini, na siasa za miaka ya karibuni. Idadi ya waliouawa baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya tarehe 12 Januari 1964 hubadilishwa kila mara, kwa kuwa waandishi waliolichunguza jambo hilo wametoa hesabu zinazopishana sana. Kazi ya mkaguzi si kuchagua iliyo sahihi. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba kila hesabu imeambatana na jina la aliyeitoa, na kwamba hakuna iliyoandikwa kana kwamba ndiyo peke yake. Mkianza kutenguana wewe na mwingine, simama baada ya mara ya pili, uhamie kwenye ukurasa wa majadiliano wa makala, na umwite mtu wa tatu. Kubali makala ikae usiku mmoja ikiwa na toleo usilolipenda.

Lipo onyo linalowahusu wakaguzi wenyewe. Mwaka 2021 Taasisi ya Wikimedia ilichapisha ripoti kuhusu Wikipedia ya Kikroeshia, ambako kwa takribani miaka kumi kikundi kidogo cha wasimamizi kilikuwa kimeshika hatamu, kikipotosha historia ya Vita ya Pili ya Dunia na kuwazuia waliopinga. Waharibifu hawakutoka nje. Walikuwa na funguo. Ndiyo maana uamuzi wowote wa kumzuia mwandishi wa muda mrefu usifanywe na aliyegombana naye, hata kama ndiye mkabidhi pekee aliye macho saa hiyo. Na pasipokuwa na mkabidhi kabisa, upo msaada wa nje: wasimamizi wa miradi yote ya Wikimedia, wanaochaguliwa kila mwaka kupitia Meta-Wiki, tovuti ya kuratibu miradi hiyo, huweza kuzuia mharibifu au kuficha taarifa za siri kwenye miradi midogo wakiombwa.

Katika kuzuia, kumbuka jinsi watu wetu wanavyopata mtandao. Kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani chache za IP, yaani namba zinazotambulisha muunganisho wa mtandao, kwa hiyo anwani unayoizuia kwa mwezi mzima kwa ajili ya mwanafunzi mmoja mtundu inaweza kuwa ndiyo wanayoitumia mamia ya watu wa mji huohuo, pamoja na wale wa semina itakayofanyika wiki ijayo. Zuia kwa muda mfupi. Kwenye Wikipedia ya Kiingereza mazoea ni saa 31, muda unaovuka kipindi cha shule cha leo na cha kesho. Siku hizi anayehariri bila kujiandikisha hupewa akaunti ya muda, inayodumu siku 90, na anwani yake haionekani na kila mtu. Hilo ni jema kwa usiri, ila linamaanisha kwamba mkaguzi wa kawaida hawezi tena kukisia kwamba majina mawili ni mtu mmoja kwa kutazama anwani; atalazimika kutazama tabia, yaani makala zilezile, makosa yaleyale ya tahajia, saa zilezile.

Ukijua kwamba utasafiri au utakuwa na mitihani, mwachie mwenzako orodha fupi ya kurasa unazozitilia shaka, pamoja na sababu ya kila moja. Ukirudi baada ya zaidi ya mwezi, usitegemee Mabadiliko ya karibuni wala maangalizi yako kukuonyesha kila kilichopita, kwa sababu orodha hizo hazirudi nyuma zaidi ya siku 30. Fungua historia ya kila ukurasa ulioko kwenye orodha yako, mmoja mmoja, na uanzie pale ulipoachia.